Si ubabe, ni hofu ya kuchekwa: Methali ya tembo inavyotupotosha kuhusu vita vya nyuklia

KILA mara viongozi wa Marekani na Urusi wanapotishana, kuna methali moja inayokimbilia kalamu za wanahabari wetu, midomo ya wachambuzi wa redio na insha za wanafunzi: wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Ikiandamana nayo huja neno 'wababe'. Wababe wa dunia wametunishiana misuli. Wababe wamekodoleana macho. Msomaji akifika aya ya pili ameshaambiwa kila kitu: kuna madume mawili makubwa, yamekasirika, nasi ni majani tu.

Leo nataka kuihakiki methali hiyo. Sisemi ni ya uongo, wala sitaki iondolewe vitabuni. Nasema tumeipa kazi isiyoiweza. Methali hii inatueleza ni nani huumia. Haitwelezi kwa nini wakubwa wanafika mahali pa kupigana. Ni maswali mawili tofauti, na sisi tumezoea kulijibu la pili kwa jibu la la kwanza.

Na swali lenyewe si la mchezo. Dunia ina takriban vichwa 12,000 vya nyuklia katika mataifa tisa, na karibu tisa kati ya kila kumi viko mikononi mwa Urusi na Marekani. Mkataba wa New START, ambao nchi hizo mbili ziliutia saini mwaka 2010 ili kuweka kikomo cha silaha hizo, uliongezwa muda mwaka 2021 hadi Februari 2026. Kabla muda huo haujaisha, Februari 2023, Urusi ilitangaza kusimamisha ushiriki wake. Wakati kama huu, anayeandika kwa Kiswahili ana deni la kumweleza msomaji kinachoendelea. Kumliwaza kwa methali hakutoshi.

Tuanze na 'ubabe'. Neno hili lina harufu ya ulingo wa ndondi na mieleka. Linataja tabia, kitu ambacho mtu amezaliwa nacho au amekifanyia mazoezi. Ukishamwita kiongozi mbabe, umeshajifungia mlango wa kuuliza zaidi. Kwa nini anapigana? Kwa sababu ni mbabe. Umejuaje ni mbabe? Si unaona anapigana! Hayo ni maelezo ya mbwa anayeufukuza mkia wake mwenyewe.

Hata tembo wenyewe hawako hivyo. Sisi wa Isiolo ni majirani wa tembo. Buffalo Springs na Shaba zimo katika kaunti yetu, na Samburu iko ng'ambo ya mto tu. Waongoza watalii na askari wa wanyamapori watakwambia kwamba madume wawili wakikutana, aghalabu hupimana kwanza. Masikio yanatandazwa, kichwa kinainuliwa, vumbi linatimka. Kisha aliye mdogo anageuka na kwenda zake. Mapigano ya kufa na kupona yapo, lakini ni machache.

Na yule aliyegeuka, nani anamcheka? Hakuna. Tembo hana uchaguzi mwaka ujao. Hana bunge la kumhoji wala majenerali wa kumnong'onea. Hana gazeti litakaloandika kesho yake kwamba alifyata mkia. Hapa ndipo kiongozi wa taifa kubwa anapoachana na tembo, na hapa ndipo ninapoiona nguvu halisi inayosukuma watu hawa ukingoni. Kinachowasukuma ni hofu: hofu ya kuonekana wana hofu.

Hebu tuutazame ushahidi. Oktoba 1962, ndege za ujasusi za Marekani zilipiga picha za makombora ya Kisovieti yakiwekwa Kuba. Kwa siku 13 dunia ilikaa roho juu. Lakini sikiliza jambo hili, ambalo linajulikana kwa sababu mazungumzo ya Rais John Kennedy na washauri wake yalirekodiwa. Siku ya kwanza kabisa, Waziri wa Ulinzi Robert McNamara aliwaambia wenzake kwamba, kwa maoni yake, tatizo halikuwa la kijeshi. Lilikuwa la siasa za nyumbani. Marekani ilikuwa na silaha nyingi zaidi kabla ya makombora yale, na ingeendelea kuwa nazo baada yake. Taabu ni kwamba Septemba, mwezi mmodi tu uliotangulia, Kennedy alikuwa ameonya hadharani kwamba silaha za kushambulia hazingevumiliwa Kuba. Alikuwa amejifunga kwa kauli yake. Angenyamaza, angechekwa, tena wakati wa uchaguzi wa bunge ukikaribia.

Upande wa pili hali haikuwa tofauti. Nikita Khrushchev alikuwa amezungukwa na makombora ya Marekani, yakiwamo ya Jupiter yaliyowekwa Uturuki, mlangoni pake. Alikuwa ameiona Marekani ikidhamini uvamizi wa Kuba uliofeli Aprili 1961. Alijua silaha zake za masafa marefu ni chache. Mtu mwenye hofu namna hiyo akipeleka makombora Kuba, wewe utamwita mbabe. Yeye anajiona anajihami.

Oktoba 27 mambo yalikaribia kuharibika. Ndege ya Marekani aina ya U-2 ilidunguliwa juu ya Kuba na rubani wake akafa. Baharini, nyambizi ya Kisovieti yenye torpedo ya nyuklia ilikuwa imezingirwa na meli za Marekani zilizokuwa zikiangusha baruti za kuilazimisha ijitokeze. Ndani yake, afisa mmoja, Vasili Arkhipov, alipinga wazo la kufyatua na akamtuliza nahodha. Mtu mmoja, katika joto la chuma kile, alikubali kuonekana mwoga.

Walitokaje? Jioni ile, Robert Kennedy, nduguye Rais, alikutana na Balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin. Walikubaliana kwamba makombora ya Kuba yangeondolewa, Marekani ingeahidi kutoivamia Kuba, na makombora ya Uturuki nayo yangeondoka baada ya miezi michache. Sharti la Wamarekani lilikuwa moja: hili la Uturuki liwe siri. Kwa nini siri, kama ni jambo jema? Kwa sababu lingejulikana, Kennedy angechekwa. Makombora ya Uturuki yaliondolewa Aprili 1963 kimyakimya, na kwa miaka mingi dunia iliambiwa kwamba mmoja alikaza na mwingine akafyata. Khrushchev aliyebeba kicheko chote aliondolewa madarakani Oktoba 1964, na kadhia ya Kuba ilikuwa miongoni mwa lawama alizotupiwa na wenzake.

Hapo, msomaji, Kiswahili kina methali bora kuliko ile ya tembo. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tunaifundisha shuleni kwa haraka, kama kanuni ya kumwambia mtoto asipigane. Ukiitulia, utaona ina kisu chenye makali mawili, na makali yenyewe yako katika neno 'kicheko'. Wahenga walikusudia kicheko cha furaha: mwoga amerudi salama, mkewe na wanawe wanacheka. Lakini kiongozi akilisikia neno hilo hilo, anasikia kicheko cha dhihaka: mwoga amerudi, na watu wanamcheka. Neno ni moja, maana ni mbili, na kati ya maana hizo mbili ndipo vita vya nyuklia vinapoweza kupita. Anayekimbia kicheko cha pili anatupeleka sote kwenye kilio.

Nimewahi kuujadili usomaji huu na mwalimu mmoja mstaafu hapa mjini, mtu wa kuheshimiwa sana katika ufundishaji wa fasihi simulizi. Hakukubali. "Mwalimu, wewe unawaonea huruma watu wasiostahili huruma," aliniambia. "Hawa wanapigania maslahi. Mafuta, ardhi, masoko. Hofu ya kuchekwa ni mambo ya vijana wa maskani."

Hoja yake ina uzito, na nusu yake naikubali. Maslahi ndiyo yanayowagombanisha. Lakini maslahi hayawezi kueleza hatua ya mwisho, kwa sababu hakuna mafuta wala soko litakalobaki baada ya vita vya nyuklia. Mfanyabiashara halisi hurudi nyuma gharama zikizidi faida. Kinachomzuia kiongozi kurudi nyuma ni hesabu nyingine: leo nikiachia, kesho atadai nini? Wenzangu watanionaje? Na kuhusu vijana wa maskani, nilimjibu mzee wangu kwa heshima kwamba mimi ndilo ninalosema hasa. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni silaha.

Huenda msomaji anauliza haya ya Moscow na Washington yanatuhusu nini watu wa Isiolo. Yanatuhusu sana, na historia yetu inaihakiki methali ya tembo kutoka upande mwingine, upande wa nyasi.

Isiolo ilikuwa mojawapo ya wilaya za ule mkoa wa mpakani wa kaskazini ulioitwa NFD. Mwaka 1962 tume ilitumwa kuwauliza wakazi wanataka kuwa wapi, na wengi katika eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Juni 1963 Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Desemba mwaka huo, majuma machache tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari. Vita vilivyofuata tunaviita hadi leo Vita vya Shifta.

Litazame neno hilo 'shifta'. Limetoka Ethiopia, na maana yake ni jambazi, mtu aliyejitenga na sheria. Ukishamwita mpinzani wako shifta, humwandikii barua. Huketi naye. Jambazi hukamatwa au hupigwa risasi. Neno lilifunga mlango wa mazungumzo kabla bunduki haijalia, kisha likatapakaa hadi kumfunika hata mfugaji asiyejua lolote. Waborana wa Waso wanakiita kipindi kile Gaf Daba, yaani wakati wa kusimamishwa: watu walikusanywa kambini, mifugo ikazuiwa kutembea, na mfugo usiotembea nchi hii hufa. Jamaa zilizokuwa na mali zikawa maskini.

Nyuma ya vita vile walikuwapo wakubwa. Waingereza waliliunga mkono jeshi la Kenya. Wasovieti, kuanzia 1963, walilijenga jeshi la Somalia. Vitabu vyetu vinakiita kipindi hicho 'Vita Baridi', tafsiri ya sisisi ya maneno ya Kiingereza. Vilikuwa baridi kwa nani? Kwa Berlin labda. Kwa Garba Tulla na Merti havikuwa baridi hata siku moja.

Kwa hiyo, ndiyo, nyasi ziliumia. Hapo methali imesema kweli. Lakini inasimama hapo, na historia yetu haikusimama hapo. Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwaketisha Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Mohamed Ibrahim Egal, na vita vikakomeshwa. Egal alirudi kwao akakuta wapinzani wakimlaumu kwamba ameiuza ndoto ya Somalia Kubwa. Alikivumilia kicheko. Kule kambini, walioruhusiwa kutoka na mbuzi wao wachache walipata angalau nafasi ya kuanza upya. Mapatano yale hayakuletwa na tembo yeyote.

Nyasi pia huweza kuwaita tembo. Siad Barre alichukua madaraka Somalia Oktoba 1969, akatia saini mkataba wa urafiki na Wasovieti mwaka 1974 na kuwapa kituo cha majeshi ya majini Berbera. Julai 1977 majeshi yake yaliingia Ogaden. Wasovieti, waliokuwa sasa wanaitaka Ethiopia ya Mengistu Haile Mariam, wakahamia upande wa pili. Novemba mwaka huo Barre aliwafukuza, akitumaini Marekani itamletea silaha. Wasovieti walimimina silaha Ethiopia kwa ndege, Kuba ikapeleka maelfu ya askari, na Machi 1978 Wasomali wakarudi nyuma.

Sasa angalia mjadala uliokuwa Washington. Zbigniew Brzezinski, mshauri wa usalama wa Rais Jimmy Carter, alitaka manowari ya kubeba ndege ipelekwe karibu na pwani ile. Waziri wa Mambo ya Nje, Cyrus Vance, alipinga; kwake huo ulikuwa ugomvi wa majirani wenye mizizi ya hapa hapa. Hakuna kati yao aliyeutamani mchanga wa Ogaden. Walibishania sura: Marekani ikinyamaza, itaonekanaje? Carter hakuipeleka manowari. Lakini hasira na shaka zilibaki. Mkataba wa SALT II wa kupunguza kasi ya silaha za nyuklia ulitiwa saini Vienna Juni 1979, na baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan Desemba, Carter aliliomba Baraza la Seneti liahirishe kuujadili. Haukuidhinishwa kamwe. Brzezinski mwenyewe alisema baadaye kwamba mkataba ule ulizikwa katika mchanga wa Ogaden.

Fikiria maana yake. Jangwa linalopakana na kaskazini yetu, ambako wafugaji wetu wana jamaa, lilichangia kuharibu mazungumzo ya silaha zinazoweza kuiteketeza dunia. Mwaka 1980 Marekani ikapata ruhusa ya kutumia Berbera, na Mombasa pia. Anayesema sisi ni nyasi tu hajasoma historia hiyo.

Kisha ikaja 1983. Machi, Rais Ronald Reagan aliuita Muungano wa Kisovieti himaya ya uovu. Neno jingine la kufunga mlango, ndugu yake 'shifta'. Septemba Wasovieti waliidungua ndege ya abiria ya Korea Kusini. Mwezi huo huo mitambo yao ilitoa ishara ya uongo kwamba makombora ya Marekani yanakuja, na afisa wa zamu, Stanislav Petrov, akaamua kutoiamini. Baadaye Reagan aliandika kwamba alishangaa kugundua viongozi wa Kisovieti walikuwa wakiiogopa Marekani kwa dhati. Alishangaa! Miaka yote hiyo alikuwa akiwaona wababe. Alipoiona hofu yao, lugha yake ilianza kubadilika. Novemba 1985, kule Geneva, yeye na Mikhail Gorbachev walitangaza pamoja kwamba vita vya nyuklia haviwezi kushindwa na yeyote na kamwe visipiganwe. Miaka miwili baadaye walitia saini mkataba wa kuondoa aina nzima ya makombora.

Mfugaji wa Isiolo hahitaji profesa kumweleza haya. Jamii moja inanunua bunduki kulinda ng'ombe. Jirani anaziona, naye ananunua. Kila mmoja anaziita zake 'silaha za kujihami', msamiati ule ule wa mataifa makubwa. Lakini bunduki haina alama ya kuonyesha kama ni ya kulinda au ya kuvamia. Kijana asiyelipiza kisasi huimbwa kwa dhihaka. Ndiyo maana Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililokutanisha jamii za kaskazini pamoja na Isiolo, liliweka utaratibu wa malisho: anayehamisha mifugo aombe idhini kwa wazee na machifu wa eneo anakokwenda, na asije na bunduki. Azimio lile limevunjwa mara nyingi, tunajua. Hata hivyo lilielewa ugonjwa. Lilimpa mtu njia ya kuingia bila kutisha na ya kurudi bila kuchekwa.

Basi kwa wanahabari na walimu wenzangu, ombi langu ni hili. Mwanafunzi akianza insha kwa methali ya tembo, mpe alama yake, kisha muulize maswali matatu. Kiongozi huyu akirudi nyuma, nani atamcheka? Ameshajifunga kwa kauli gani? Na ni nani anayemtafutia mlango wa kutokea? Mhariri naye, kabla ya kukipa kichwa cha habari 'Fulani afyata mkia', akumbuke kwamba kicheko hicho ndicho kinachomfanya anayefuata asirudi nyuma. Sisi tunaotumia maneno tumo katika ugomvi huu, tupende tusipende. Siku kiongozi wa taifa kubwa atakapokubali kuitwa mwoga ili watoto wa watu walale, magazeti ya Kiswahili yawe ya kwanza kumwandikia kwamba amefanya jambo la kishujaa.